Sepetu ya Opolot

Mzazi anaweza kustahimili njaa, kazi ngumu na hata masimango ya mawifi. Lakini mwanawe akilia mbele yake, moyo humlegea, na mkono uliokuwa umeinuliwa kukanya hushuka wenyewe. Wahenga walilijua hilo vizuri. Hawakusema kwamba mapenzi ya mzazi ni mabaya. Walisema tu kwamba mchelea mwana kulia, hulia yeye. Akiteng aliisikia methali hiyo tangu utotoni, akaitumia mara nyingi kuwakanya wanawake wenzake, na ilipofika zamu yake hakuikumbuka.

Akiteng alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Aliishi kando ya Mto Malaba, upande wa Kenya, karibu na mji wa Malaba kiasi kwamba upepo ukigeuka unasikia honi za malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda. Watu wa kijiji chao walilima wimbi na mihogo, na kila mvua kubwa iliponyesha mto ulikuja kuchukua fungu lake. Ulianza na njia ya miguu. Ukaja ukala migomba ya Alinga, shemeji yake Akiteng. Mwishowe ukabomoa mahali ambapo wanawake walitekea maji, wakawa wanakwenda mbali na ndoo zao wakinung'unika.

Sababu ilijulikana na hakuna aliyetaka kuitaja. Ilikuwa mchanga. Chini ya udongo mwekundu wa ukingo kuna mchanga mkavu, msafi, wa chembe kubwa, ambao mafundi wa mjini huupenda kuliko ule wa katikati ya mto. Wachimbaji wa pale huuita mchanga wa tumboni. Huwezi kuupata kwa kuchimba kutoka juu. Unashuka hadi kwenye maji, unaanza chini, unaingia ndani kama fuko, na juu ya kichwa chako udongo unabaki umening'inia, umeshikwa na mizizi tu.

Basi baraza la kanda, lile linalosimamia mazingira ya bonde zima la mto, likaamua kuja kuzungumza. Watu walidhani wataletewa askari. Badala yake aliletwa Nanjala, binti wa kutoka Nambale, mwenye sauti ya chini na buti za mpira zilizompwaya. Aliwakusanya watu kwenye uwanja wa shule, akakataa kiti, akasimama kwenye jua kama wao.

"Wazee, akina mama, mimi sitawadanganya," alisema. "Baraza haliwezi kulala hapa likichunga mto. Mto ni wenu. Sisi tutaleta miche ya mianzi, tutaweka kitalu hapa hapa kijijini, na tutawaonyesha vile inapandwa. Lakini sheria mtatunga nyinyi, na wa kuichunga mtamchagua nyinyi."

Wakatunga. Walipanda safu ya mianzi kufuata mto, wakaapa kwamba kati ya mianzi na maji hapatachimbwa. Atakayepatikana akichimba, hatapelekwa polisi wala hatatozwa kitu. Atanyang'anywa sepetu, nayo itatundikwa kwenye ghala la mwenyekiti, mlango wazi, kila apitaye aione, mpaka siku kijiji kitakapokaa na kumsamehe. Mgeni angeicheka adhabu hiyo. Lakini pale sepetu si chuma tu. Mpini wake huchongwa kwa mkono, mara nyingi na baba kwa ajili ya mwanawe, na watu humjua mtu kwa mpini wake. Kuona wako umetundikwa hadharani ni kuvuliwa nguo sokoni.

Uenyekiti walimpa Akiteng kwa kauli moja, na hawakukosea. Sepetu ya kwanza kutundikwa ilikuwa ya Alinga, shemeji yake mwenyewe. Alinga alikuja juu, akataja mahari na undugu, na Akiteng hakupepesa jicho. Ya pili ilikuwa ya Phanuel, jirani wa mlango kwa mlango. Watu wakaanza kusema kwa utani kwamba Akiteng akifika mtoni hana ndugu, na utani huo ulimfurahisha kuliko sifa. Mianzi ilishika. Ukingo ukaacha kumomonyoka. Wanawake wakarudi kuteka maji mahali pao pa zamani.

Kisha asubuhi moja Amuron, rafiki wa Akiteng tangu walipoolewa mwaka mmoja, alikuja na sepetu begani. Nyuma yake alifuata mwanawe, Job, kijana aliyekwisha kuota ndevu, akilia waziwazi.

"Yoga, Mama Opolot," Amuron alisalimu kwa Kiteso. "Shika hii. Ni ya Job. Jana nilimpata chini ya mianzi nikamwonya, leo nimempata tena."

"Mama, unaniaibisha," Job alisema. "Watu wataniona mimi ni mtu bure. Afadhali ungenichapa."

Amuron hakugeuka. "Wacha alie," alimwambia Akiteng. "Atanyamaza."

Job alihama nyumbani kwa hasira, akaenda kukaa kwa mjomba wake Busia, na kwa muda Amuron alikuwa akiulizwa habari za mwanawe kila aendako. Baadaye kijana alirudi mwenyewe. Nanjala akampa kazi katika kitalu, akawa anamwagilia miche na kufunga magunia. Akiteng alimsifu rafiki yake mbele ya wanawake wote pale mtoni. Alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anachosema, kwamba mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Wakati huo mwanawe Opolot hakuwepo. Alikuwa utingo wa lori la masafa marefu, leo yuko Kampala, kesho Kigali. Kila alipopita Malaba alimletea mama yake zawadi, akamkalia jikoni akimsimulia vituko vya njiani, kisha akaondoka. Akiteng alimpenda kupita kiasi na hakuona haya kusema. Mumewe alifariki Opolot akiwa bado hajang'oa meno ya utotoni. Siku ya maziko mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akawa anafungua mdomo na hakitoki kitu. Akiteng alimkumbatia pale kaburini akala kiapo kimyakimya kwamba yeye hatakuwa sababu ya mtoto huyu kulia tena.

Mwenye lori alipoliuza, Opolot alirudi nyumbani na begi moja. Alizunguka Malaba yote akitafuta gari jingine. Jioni alirudi amekunja uso. Tena alikuwa amemchumbia msichana wa Nambale, Sharlyne, na watu wa Sharlyne walitaka kwanza waone nyumba ya mabati. Akiteng alimwona mwanawe akikonda, na yeye akakonda pamoja naye.

Siku moja alikwenda kukagua mianzi, akaona mashina ya mbele ya shamba lake mwenyewe yameinama kuelekea majini. Akashuka. Chini ya mizizi kulikuwa na pango jipya, lenye kina cha kumwingiza mtu mzima. Ndani yake alikuwa Opolot, kifua wazi, akijaza mchanga kwenye karai.

"Toka," Akiteng alisema.

Opolot alitoka. Hakujaribu kukana.

"Mama, unataka nifanye nini? Gari imeuzwa. Nimetafuta hapa Malaba mpaka viatu zimeisha. Kila dereva anasema ako na mtu wake. Boaz, yule wa kupeleka mchanga mjini, ameniambia lori yake ya tipa itachukua mchanga yote nitatoa. Nikipata mabati tu, naacha."

"Nipe hiyo sepetu."

"Mama, si hii."

"Nipe."

Akampa. Akiteng akapanda ukingo na sepetu mkononi, na hapo ndipo kiganja chake kilipoutambua mpini. Ulikuwa mweusi, umelainika kwa miaka ya kushikwa, una alama ya msalaba karibu na chuma. Mumewe aliuchonga mwaka Opolot alipozaliwa.

Opolot alimfuata nyuma. Walipofika uani akaanza kulia, si kama mtu mzima anayejizuia, bali kama mtoto. "Huo mpini ni wa baba," alisema. "Kitu yake nimebaki nayo ni hiyo tu. Sasa unataka watu wapite hapo waione imetundikwa kama ya mwizi. Hata ungeniacha nife njaa ni afadhali."

Akiteng alisimama kwenye mlango wa ghala. Misumari ilikuwa mbele yake, na sepetu tatu zimetundikwa, na nafasi ya nne iko wazi. Aliinua mkono. Nyuma yake kilio kikaanza kukauka vilevile kama kilivyokauka kaburini miaka ile, na moyo wake ukavunjika. Aligeuka, akamrudishia mwanawe ile sepetu.

"Ifiche," alisema. "Na usirudi tena pale chini."

"Sitarudi, mama."

Alijua anadanganywa, akakubali kudanganywa, kwa sababu kilio kilikuwa kimekoma. Usiku ule walikula pamoja na Opolot akamchekesha mama yake kwa kisa cha dereva mmoja wa Mbale.

Wiki hiyo hiyo Nanjala alikuja kwa ukaguzi wake wa kawaida. Alitembea kufuata mianzi, akifurahi, mpaka alipofika kwenye mashina yaliyoinama.

"Mama, hapa imekuwa nini?"

"Ni maji, binti yangu. Mvua ya juzi ilikuja na nguvu."

Nanjala alishuka akachungulia pango. Alama za sepetu zilionekana ukutani wazi kama alama za kisu kwenye sima. Alipanda juu tena, akapangusa buti zake kwenye nyasi, na akachukua muda mrefu kuzipangusa.

"Kama ni wewe umesema ni maji, mama, basi ni maji," alisema.

Akiteng hakujua kama binti yule alimwamini au alikuwa anamwachia nafasi ya kusema kweli. Vyovyote iwavyo, nafasi hiyo hakuitumia. Nanjala aliaga kwa adabu, akapanda pikipiki yake, na Akiteng akabaki amesimama kwenye mianzi.

Kijijini hakuna siri inayokaa. Boaz aliposimamisha tipa lake karibu na shamba la mwenyekiti mchana kweupe, watu walielewa bila kuambiwa. Phanuel ndiye aliyetangulia kuja. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kama mtu anayeomba chumvi.

"Mwenyekiti, nimekuja kuchukua sepetu yangu."

"Kijiji hakijakaa, Phanuel."

"Hata ya Opolot haikungoja kijiji ikae."

Akiteng aliingia ghalani. Aliitungua ile sepetu mwenyewe akampa. Baada ya Phanuel akaja Alinga, ambaye hata hakusalimu. Ukingo uliokuwa umetulia ukajaa mapango tena, na safu ya mianzi ikabaki imesimama juu ya uwazi. Kwenye ghala sepetu moja tu ilibaki, ile ya Job. Job hakuiulizia, na Amuron alipoulizwa alisema, "Hiyo ikae hapo hapo. Iko sawa."

Usidhani kwamba Akiteng hakujaribu. Alijaribu mara nyingi. Alimwita Opolot, akaanza kwa ukali, na Opolot hakubisha wala hakupaza sauti. Aliinamisha uso tu, macho yakalowa, na mama yake akaishia katikati ya maneno. "Bado kidogo, mama," ndivyo alivyomwambia. "Mabati ikitosha naacha." Siku nyingine alimletea sukari na leso mpya. Akiteng alikunywa chai yenye sukari ile akiitazama ile leso.

Msimu wa mvua ukaingia. Mvua kubwa ilinyesha huko juu Mlima Elgon, na mto ukaja mwekundu, umejaa vigogo. Ulipopungua, jua likatoka zuri, na udongo wa ukingo ukawa mzito kwa maji uliyoyanywa. Wachimbaji wazoefu hawaingii mchanga wa tumboni siku kama hiyo. Phanuel na wenzake walichimba juujuu, mbali na mapango, wakingoja udongo ukauke. Opolot aliyahesabu mabati yake asubuhi hiyo, yakapungua machache, na Boaz alikuwa ameshaleta tipa.

"Leo pumzika," Akiteng alimwambia mlangoni. "Udongo haujakauka."

"Ni ya mwisho, mama. Kweli, hii ni ya mwisho."

Angeweza kusimama mlangoni. Angeweza kumnyang'anya sepetu, akamwacha alie uani mpaka jioni. Mwili wake ulisogea kidogo, kisha akaona uso wa mwanawe unaanza kujikunja, akampisha.

Alikuwa akipalilia wimbi aliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kizito na kifupi, kama gunia la mahindi likiangushwa sakafuni. Baada yake kukawa na kimya, halafu sauti ya Boaz ikiita watu.

Akiteng alikimbia bila viatu. Ukingo mzima ulikuwa umekaa chini, na mianzi imelala ndani ya maji, majani yake yakichezwa na mkondo. Phanuel alifika na sepetu yake. Alinga alifika na ya kwake. Wote walichimba kufa na kupona, wakijua wanachimba kwa sepetu ambazo siku hiyo zingalipaswa kuwa zimetundikwa. Job alitoka kitaluni mikono mitupu, akageuka mbio hadi ghalani, akarudi na sepetu yake iliyokuwa imeota kutu. Akiteng alichimba kwa kucha. Alichimba akiita, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Walimpata jua likiwa limepita utosini. Alikuwa amekaa, mgongo ukutani, na sepetu imeshikwa mikononi kana kwamba anapumzika. Mpini haukuvunjika.

Alizikwa kando ya baba yake. Vijana wa kijiji ndio waliochimba kaburi, na Job alikuwa mbele yao, hakukubali kupokewa mpaka lilipokamilika. Sharlyne alikuja kutoka Nambale na shangazi zake, akakaa kando, hajui kama anaruhusiwa kulia kama mjane. Mabati ambayo hayakutimia yalisimamishwa juu ya miti kuwakinga waombolezaji na jua. Nanjala naye alikuja. Alikaa kwenye nyasi kati ya wanawake, buti zake zimejaa matope, na alipofikiwa kusema neno kwa niaba ya Baraza alitikisa kichwa akasema, "Mimi nimekuja kwa mama tu."

Jamaa walipotawanyika kwenda kunawa, Akiteng aliichukua sepetu ya Opolot. Hakuna aliyemwuliza anaipeleka wapi. Aliingia ghalani, akautafuta ule msumari wa nne, akaitundika, na mlango akauacha wazi. Tangu siku ya msiba alikuwa hajatoa chozi. Wanawake walikuwa wakimtazama kwa hofu, wakisema huzuni iliyokwama ndani inaua.

Amuron alikuja akasimama karibu naye. Kutoka pale waliweza kumwona Job uani, amechafuka udongo mpaka kwenye nywele, akinywa maji kwa kata.

"Mama Job," Akiteng alisema, "siku ile uliponiletea sepetu yake. Alilia sana?"

"Alilia sana, Mama Opolot."

"Mpaka lini?"

Amuron angependa kusema uongo, na hakuupata.

"Mpaka akachoka," alisema. "Aliporudi kutoka Busia aliniuliza tu kama kuna chakula."

Akiteng alimtazama Job akijifuta mdomo kwa mkono na kurudisha kata kwenye mtungi. Ndipo kilio kilipomtoka. Kilitoka kwa nguvu hadi waliokuwa mtoni wakinawa wakasimama, na kiliendelea mpaka sauti ikakauka, akawa anafungua mdomo na hakitoki kitu. Amuron alimshika mabega, lakini hapakuwa na cha kumrudishia ili anyamaze. Hakika mchelea mwana kulia, hulia yeye.